Hata punda mmoja: shajara ya kuandaa masomo sita ya Hesabu 16

12 Januari

Leo nimefungua daftari la kazi niliyoiahirisha kwa miaka mitano. Nataka kuandaa masomo sita juu ya uasi wa Kora, Mlawi aliyewapinga Musa na Haruni jangwani pamoja na Dathani, Abiramu na watu 250, wengine wakamezwa na ardhi na wengine wakaliwa na moto (Hesabu 16 na 17), kwa ajili ya kikundi chetu cha vijana kinachokutana Jumamosi saa kumi jioni. Kila somo lisizidi kurasa nne, na maswali yake yawe ya kujibiwa huku Biblia ziko wazi mapajani. Swali linalobeba mradi mzima ni hili: Musa alipata wapi mamlaka ya kuwaongoza watu, na tunamtambuaje aliyetumwa na Mungu?

Sababu ya kuahirisha naiandika mara moja tu. Miaka mitano iliyopita, katika kanisa nililokuwa nikisali wakati huo, nilisimama kwenye mkutano wa washarika nikauliza fedha za mabati zimefikia kiasi gani. Tulikuwa tumechanga miezi minane. Niliomba hesabu ya fedha, nikasomewa kitabu cha Hesabu: ardhi ilivyofunua kinywa chake ikawameza waliompinga mtumishi wa Mungu. Kisha mkutano ukafungwa kwa sala. Nilirudi nyumbani kwa miguu, na tangu siku ile sikuifungua tena sura hiyo.

Sasa vijana wanne kati ya ninaowafundisha wameniambia kuwa nao wamewahi kusomewa hivyo hivyo, kila mmoja mahali pake. Siwezi kuendelea kuiruka.

19 Januari

Nimesoma sura zote mbili mara tatu, kwa sauti. Jambo dogo la kuwaeleza vijana mapema: katika Biblia zetu sura ya 16 ina aya 50, lakini katika Biblia ya Kiebrania inaishia aya ya 35, na zile 15 zilizobaki zinahesabiwa ndani ya sura ya 17. Atakayelinganisha vitabu viwili asidhani kuna kilichokatwa.

Jirani yangu ni mchungaji mstaafu aliyefundisha Kiebrania chuoni kwa miaka mingi. Nilikwenda kwake leo, nikamkuta ameinamia tuta la mchicha. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, binti yangu, vuta kigoda." Nilimweleza mradi. Akanyamaza kitambo, akapangusa mikono, akasema: "Anza na ramani. Watu wengi wanaanza na moto."

Nimechora ramani ya kambi kwenye karatasi ya manila. Hema ya kukutania katikati, makabila matatu kila upande. Upande wa kusini, kwa mujibu wa Hesabu 2:10, palikuwa na bendera ya Rubeni. Hapo hapo kusini, kati ya hema ya kukutania na Warubeni, Hesabu 3:29 inawaweka Wakohathi, ukoo wa Lawi. Kora ni Mkohathi. Dathani na Abiramu ni Warubeni. Walikuwa majirani! Jioni wakiota moto, moshi wao ulikuwa mmoja. Wafafanuzi wa Kiyahudi wa zamani waliliona jambo hili, nami nilikuwa nimepita juu yake maisha yangu yote.

Kisha kuna kazi yao. Wakohathi ndio waliobeba vyombo vitakatifu kuliko vyote, likiwemo sanduku la agano. Walawi wengine walipewa magari ya kukokotwa na ng'ombe, wao hawakupewa, kwa kuwa mzigo wao ulikuwa wa mabegani (7:9). Na hawakuruhusiwa kuvigusa wala kuvitazama vyombo hivyo, wasije wakafa (4:15, 20). Haruni na wanawe waliingia kwanza wakavifunika, ndipo wao wakaja kubeba. Haruni ni binamu yake Kora, watoto wa ndugu wawili, Amramu na Ishari. Fikiria mtu anayetembea jangwani mabega yamechubuka, amebeba kitu asichoruhusiwa kukiona, na binamu yake ndiye anayekifunika. Nao Warubeni ni kizazi cha mzaliwa wa kwanza wa Yakobo aliyepoteza nafasi yake. Malalamiko haya yalikuwa na mizizi. Somo la kwanza litakuwa juu ya hilo, kabla hatujafika popote karibu na moto.

26 Januari

Rasimu ya somo la pili imenila wiki nzima, na kosa ni utamu wa maneno yenyewe.

Kora anaanza na maneno mawili ya Kiebrania: *rav lakhem*. Mzee anasema ni kama kusema "mmezidi". Musa anapojibu, aya ya 7, anawarudishia yale yale: *rav lakhem*, enyi wana wa Lawi. Musa anawauliza Walawi, aya ya 9, je, ni jambo dogo kwenu kwamba Mungu amewatenga? Dathani na Abiramu wanamrudishia katika aya ya 13: je, ni jambo dogo kwamba umetutoa katika nchi ijaayo maziwa na asali? Nao wanaisema Misri! Nchi ya utumwa wameivisha sifa ya nchi ya ahadi. Wakaitwa, wakajibu "hatutapanda", mara mbili, aya ya 12 na ya 14. Na katika aya ya 33 wanashuka, wakiwa hai. Msimulizi hakuongeza neno lake. Ameacha kitenzi kifanye kazi.

Kitenzi kingine ndicho kilichonikamata. Kora anawauliza Musa na Haruni kwa nini *mnajiinua* juu ya mkutano wa Bwana. Mzizi wake ni ule ule wa neno la Kiebrania la kubeba, lile lililotumika kwa Wakohathi wanaobeba mabegani. Mtu ambaye kazi yake ni kubeba anamshtaki mwingine kuwa amejibeba juu. Mzee alipoliandika neno hilo ukingoni mwa daftari langu, aliweka kalamu chini akatikisa kichwa, kama mtu aliyekutana na rafiki wa zamani.

Lazima niwe mkweli kwa vijana: hoja ya Kora ni nusu ya kweli. Anasema mkutano wote ni mtakatifu, kila mmoja wao. Hayo Mungu mwenyewe aliyasema Sinai, katika Kutoka 19:6. Na Musa hakuwa mtu wa kuibana roho ya Mungu iwe yake peke yake. Sura tano nyuma, Eldadi na Medadi walipotabiri kambini bila kufika hemani, Yoshua alitaka wakatazwe. Musa akamuuliza kama anaona wivu kwa ajili yake, akasema laiti watu wote wa Bwana wangekuwa manabii. Mtu wa namna hii hakasirikii swali. Kinachomsumbua kimo katika aya ya 10: mnautaka na ukuhani pia? Kora ametumia utakatifu wa watu wote kama ngazi ya kupandia yeye. Angepata alichokitaka, mkutano ungebaki pale pale chini.

Na jambo la kwanza Musa alilofanya aliposikia? Alianguka kifudifudi. La pili, akaahirisha mpaka asubuhi. Nimewawekea vijana swali hapa: ni nani kati yetu akishtakiwa mbele ya watu 250 wenye majina anaweza kusema "kesho"?

1 Februari

Somo la tatu, aya ya 15. Kwangu hapa ndipo moyo wa sura ulipo.

Musa amekasirika sana. Anamwambia Mungu asiitakabali sadaka yao. Halafu, katika kilele cha hasira yake, anatoa utetezi. Ningetegemea aitaje Bahari ya Shamu, au kile kijiti kilichowaka moto. Anamtaja punda. Sikutwaa kwao hata punda mmoja, wala sikumdhuru hata mmoja wao.

Kitenzi alichotumia kwa kutwaa punda ni kile kile cha kuinua na kubeba. Mnasema nimejiinua juu yenu? Sijainua hata punda wenu mmoja. Nilipoliona hilo nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Miaka mitano nilikuwa naiogopa sura hii, na ndani yake kiongozi anatoa hesabu ya mali mbele ya Mungu na mbele ya watu bila kuombwa. Mwenye kutumwa alianza na kitabu chake cha mapato, na ukurasa ulikuwa mtupu.

Kuna kisa cha herufi ambacho nitakiweka kwenye somo hata kama kitaongeza nusu ukurasa. Punda kwa Kiebrania ni *hamor*. Neno linaloishia kwa herufi dalethi badala ya herufi reshi, *hamud*, maana yake kitu cha kutamanika. Wayahudi wa Aleksandria walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 kabla ya Kristo, waliandika kwamba Musa hakutwaa kitu cha kutamanika cha yeyote. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inasimulia kwamba wazee waliotafsiri kwa ajili ya Mfalme Tolemi wa Misri walibadilisha hapo kwa makusudi. Wengine wanaona ni macho tu yaliyochanganya herufi mbili zinazofanana. Nimeziandika ubaoni kwa majaribio: ד na ר. Mstari wa juu na mguu mmoja. Dalethi ina kona kali yenye kijisehemu kinachochomoza nyuma, reshi imelainika kama bega la mtungi. Mtoto wa dada yangu, wa darasa la nne, alizitofautisha kwa dakika moja kisha akauliza, "Kwa hiyo punda alipotelea kwenye kona?" Ndiyo, mwanangu, pengine ni hapo alipopotelea.

Mimi nampenda punda. Kitu cha kutamanika ni neno pana, kila mwizi anaweza kupenya ndani yake. Punda anahesabika, ana mwenyewe na ana kamba shingoni.

9 Februari

Hakuna maendeleo. Malaria.

16 Februari

Somo la nne, aya ya 28. Musa anasema: kwa hili mtajua ya kuwa Bwana amenituma kuzifanya kazi hizi zote, kwani sikuzifanya kwa nia yangu mwenyewe. Ndivyo Biblia ya Union ya 1952 ilivyo, na ni tafsiri nzuri. Ila kwa Kiebrania ni maneno mafupi kabisa: *lo milibi*, si kutoka moyoni mwangu.

Mzee akaniambia nilifuate neno hilo lilikokwenda. Nimelifuata siku tatu. Balaamu, mwaguzi aliyeitwa na mfalme Balaki wa Moabu awalaani Israeli, analisema katika Hesabu 24:13, hata Balaki angempa nyumba iliyojaa fedha na dhahabu, hawezi kutenda jema wala baya kutoka moyoni mwake. Mfalme Yeroboamu wa Israeli alipoweka sikukuu yake Betheli, 1 Wafalme 12:33 inasema aliufanya mwezi aliouzua moyoni mwake. Ezekieli 13:2 anaagizwa awatabirie manabii wanaotabiri kutoka mioyoni mwao. Yeremia 23 anawalia wale wanaonena maono ya mioyo yao wenyewe, na Mungu anasema: sikuwatuma, lakini walikimbia.

Kutumwa na moyo. Nadhani nimepata uzi wa mradi mzima. Mamlaka ya nabii katika Maandiko ya Kiebrania ni mamlaka ya mjumbe. Mjumbe hana lake. Akiongeza neno moja la kwake, ujumbe umeharibika, na akichukua kitu cha njiani, ameiba kwa jina la aliyemtuma. Ndiyo maana punda wa aya ya 15 na moyo wa aya ya 28 vimekaa ndani ya sura moja.

Swali la uhakika lilikuwa zito kwa watu wote wa zama zile, na nimeweka aya moja juu ya Mari, mji wa kale ulioko Tell Hariri nchini Syria. Vibao vya udongo vya karne ya 18 kabla ya Kristo vilivyopatikana huko vinaonyesha maofisa wakimpelekea mfalme maneno ya manabii pamoja na nywele za nabii na upindo wa vazi lake, ili ujumbe upimwe kwa ramli. Kumbukumbu la Torati linapima kwa namna nyingine. Sura ya 18 inasema neno lisipotimia, Bwana hakulinena. Sura ya 13 inaongeza jambo gumu zaidi: hata ishara ikitimia, kama mtu huyo anawavuta kwa miungu mingine, msimsikilize. Muujiza peke yake haujawahi kutosha. Nimeiandika sentensi hiyo kwa herufi kubwa, kwa sababu vijana wangu wanaishi katikati ya matangazo ya miujiza.

22 Februari

Nimeongeza Yeremia 28 kwenye somo la nne. Mwaka wa nne wa Sedekia mfalme wa Yuda, mwezi wa tano, hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote. Hanania wa Gibeoni anatangaza kwamba nira ya Babeli imevunjwa, vyombo vya hekalu vitarudi ndani ya miaka miwili. Anaichukua nira ya mti shingoni mwa Yeremia, aliyoivaa kama ishara ya kutawaliwa na Babeli, anaivunja. Nayachora macho ya watu waliokuwapo: mmoja ana habari njema na mkono wenye nguvu, mwingine ana shingo tupu.

Yeremia alikuwa amekwisha kusema "Amina, Bwana na afanye hivyo", na alikuwa amewakumbusha kuwa nabii wa amani hujulikana neno lake likitimia. Nira ilipovunjwa, Maandiko yanasema tu kwamba Yeremia akaenda zake. Hakuwa na neno la kujibu, na hakulitunga. Neno lilimjia baadaye: umevunja nira ya mti, badala yake itakuja ya chuma. Na Hanania akafa mwezi wa saba wa mwaka ule ule.

Kwenye majaribio ya somo hili kijana mmoja, fundi pikipiki, alikaa kimya muda mrefu kisha akasema: "Yeremia angeweza kudanganya pale, mwalimu, na angeshangiliwa." Nimeliweka kama swali la nne.

2 Machi

Mzee amesoma masomo manne ya kwanza. Amesahihisha Kiebrania changu mahali pawili na Kiswahili changu mahali saba. Kisha akauliza: "Na watoto?"

Nilijua atauliza. Aya ya 27 inasema Dathani na Abiramu walitoka wakasimama milangoni pa hema zao, pamoja na wake zao, na wana wao, na watoto wao wadogo. Mlango wa hema, mama, mtoto mgongoni. Sina maelezo ya kulainisha hapo, na sitaki kuyatunga. Ningeyatunga, yangekuwa kutoka moyoni mwangu.

Ninachoweza kuandika ni kile kilichomo. Mungu aliposema atawaangamiza wote mara moja, Musa na Haruni walianguka tena kifudifudi wakawaombea: mtu mmoja atende dhambi, nawe uukasirikie mkutano wote? Kesho yake watu waliwalaumu tena, pigo likaanza, na Haruni akakimbia na chetezo katikati ya kusanyiko, akasimama kati ya wafu na walio hai. Walikufa 14,700. Yule yule aliyeshutumiwa kwamba amejiinua, ndiye aliyekimbilia mahali pa kufa. Wanaosoma sura hii kwenye mikutano huishia kwenye ardhi iliyofunguka. Sijawahi kumsikia hata mmoja akifika hapa.

Jambo la kitaalamu nimeliweka kwa ufupi. Wachunguzi wengi wa maandiko wanaona mapokeo mawili yamesukwa pamoja, moja la Kora na Walawi, jingine la Dathani na Abiramu. Kumbukumbu la Torati 11:6 na Zaburi 106:17 zinawataja hao wawili bila Kora. Na yule Oni mwana wa Pelethi, anatajwa katika aya ya 1 tu, halafu haonekani tena. Vijana watauliza, nami nitawaambia hivyo.

8 Machi

Leo nimelia, na sioni aibu kuandika.

Nilikuwa natafuta mahali pengine Kora anapotajwa. Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti watano wa Selofehadi, wanasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote. Baba yao alikufa jangwani bila mtoto wa kiume, na sheria ya urithi haiwapi kitu. Nao wanasema: baba yetu hakuwamo katika mkutano wa wale waliokusanyika juu ya Bwana, katika mkutano wa Kora.

Walijua! Walijua kuwa mwanamke anayesimama kuuliza atafananishwa na Kora, wakalifunga tundu hilo kabla halijafunguliwa. Kisha wakauliza: kwa nini jina la baba yetu lifutwe? Tupeni milki.

Musa hakuwasomea habari za ardhi iliyofunguka. Aya ya 5 ina maneno machache: Musa akaleta neno lao mbele za Bwana. Na Bwana akasema wanayonena ni haki. Sheria ikabadilishwa.

Nilikuwa nimesoma kitabu hiki tangu kipaimara. Siku ile ya mabati hakuna aliyenionyesha sura ya 27, ipo kurasa chache tu mbele. Kitabu chenyewe kinajua tofauti kati ya Kora na mwenye swali, na kimeiandika kwa midomo ya wanawake watano kwa majina yao. Hili ndilo somo la tano, na nimeliandika kwa mara moja, bila kufuta.

Pembeni ya mabinti hao nimeweka Zaburi 105:15, ule mstari wa kutowagusa wapakwa mafuta. Ukisoma kuanzia aya ya 12, wanaozungumziwa ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, wageni wachache wanaotangatanga bila nchi, na wanaoonywa ni wafalme. Ulinzi huo ni wa mnyonge dhidi ya mwenye nguvu. Na Daudi, aliyekataa kunyoosha mkono juu ya Sauli kwa sababu ni mpakwa mafuta wa Bwana, alitoka pangoni Engedi na kumwambia kosa lake kwa sauti mbele ya majeshi. Kutomgusa kulikuwa kutomuua. Kumnyamazia hakukuwamo.

15 Machi

Meriba, Hesabu 20. Nimeiweka mwishoni mwa somo la tano kwa aya moja, ingawa ingestahili somo zima. Musa yule yule wa *lo milibi* anasimama mbele ya mwamba na kuuliza: je, tuwatokezee maji katika mwamba huu? Sisi. Akapiga mara mbili. Wafafanuzi wamebishana karne nyingi kosa lilikuwa lipi hasa. Mimi nalisikia katika ile "tu". Na mamlaka yake hayakumkinga: hakuingia nchi ya ahadi.

23 Machi

Somo la sita limekamilika, na limenigeuza kabisa namna ninavyomwona Kora.

Hesabu 26:11 ina maneno machache: lakini wana wa Kora hawakufa. Walikwenda wapi? Mambo ya Nyakati inawataja kama mabawabu, walinzi wa vizingiti vya hema. Zaburi 11 zina jina lao juu yake: 42, 44 hadi 49, 84, 85, 87 na 88. Na katika ya 84 wanaimba kwamba ni heri kuwa bawabu nyumbani mwa Mungu kuliko kukaa katika hema za uovu. Rudi Hesabu 16:26, Musa anawaambia watu waondoke penye hema za watu hawa waovu. Kwa Kiebrania ni neno lile lile la hema, na mzizi ule ule wa uovu. Wajukuu waliimba wakijua babu yao alikuwa upande gani wa onyo lile, na wakafurahi kukaa mlangoni.

Kisha 1 Mambo ya Nyakati 6, kuanzia aya ya 33. Mwimbaji aitwaye Hemani, mwana wa Yoeli, mwana wa Samweli, na nasaba inapanda, jina kwa jina, mpaka Kora. Samweli! 1 Samweli 1 inamtaja baba yake Elkana kama mtu wa milima ya Efraimu, lakini mwandishi wa Mambo ya Nyakati anamweka katika ukoo huu. Na Samweli mzee, mvi kichwani, anapowaaga Israeli katika 1 Samweli 12, anasimama mbele yao na kuuliza: nimetwaa ng'ombe wa nani? Au nimetwaa punda wa nani?

Punda amerudi. Ameletwa na mzao wa Kora.

Nilikimbia kwa mzee jioni hiyo hiyo na kanga begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba katika masinagogi, juma linaposomwa sehemu ya Kora, somo la manabii linalofuatana nalo ni hilo hilo, 1 Samweli 11:14 hadi 12:22. "Wao wameliona zamani, binti yangu," akasema. "Lakini ni vizuri na wewe umelifikia kwa miguu yako."

29 Machi

Steshenari. Nakala 30, kurasa 24 kila moja. Mashine iligoma kwenye ukurasa wa herufi za Kiebrania, dalethi na reshi zikatoka kama vijisanduku vitupu. Nimeziandika kwa mkono kwenye nakala mama kwa kalamu nyeusi, ndipo tukadurufu.

Ukurasa wa mwisho ndani ya jalada nimebandika kitu ambacho mzee alishauri nikiache, nami sikukiacha: mapato na matumizi ya mradi huu. Michango ya vijana, karatasi ya manila, makapeni, kudurufu, salio. Salio ni shilingi 3,500, liko kwa mtunza fedha wa kikundi.

5 Aprili

Somo la kwanza limefundishwa. Walikuja 19. Ramani ya manila tuliitandaza sakafuni, wakakaa kuizunguka, na walipoona Rubeni na Kohathi upande mmoja walianza kuongea wote kwa pamoja. Hatukumaliza maswali. Swali la tatu limehamia Jumamosi ijayo.

Yule fundi pikipiki amefungua ukurasa wa mwisho kwanza. Amesoma hesabu, amekunja kijitabu, kisha ameniomba somo la tano alifundishe dada yake, kwa sababu anajua kusoma kwa sauti. Nimempelekea nakala yake nyumbani leo jioni. Anaanza kufanya mazoezi ya aya ya 1 hadi ya 7, na ameniuliza jina la Hogla hutamkwaje.